Jinsi ya kumpata wakili wa mashauri ya ndoa na familia mkoani Kigoma, na jinsi ya kumudu gharama zake

Maswali wanayoulizwa wasaidizi wa kisheria mkoani Kigoma ni yale yale mwaka hadi mwaka: wakili wa talaka anapatikana wapi, anatoza kiasi gani, na mtu anayeishi kwa kuuza dagaa au mawese afanye nini ikiwa fedha hana. Mwongozo huu unamlenga mtu ambaye hajawahi kuingia katika ofisi ya wakili, na ambaye jambo lake ni talaka, mgawanyo wa mali, malezi au matunzo ya watoto. Msomaji wa Tabora atafuata hatua hizi hizi, kwa kuwa sheria ni moja. Ushike jambo hili tangu mwanzo: fedha nyingi hupotea pale mtu anapoanza mahali pasipo pake, kisha akalipia kazi ambayo angeifanya mwenyewe au angefanyiwa bure. Ukizingatia mpangilio wa hatua zilizomo humu, wakili utakayemlipa atafanya tu kazi ambayo ni yeye anayeweza kuifanya.

Kabla ya kuanza, kusanya vitu hivi

- Cheti cha ndoa au nakala yake. Kama mlifunga ndoa ya kimila, andika majina ya wazee walioshuhudia mahari yakitolewa na mahali wanakoishi sasa.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Visipokuwepo, chukua kadi za kliniki.
- Namba yako ya NIDA na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au ya kijiji.
- Orodha ya mali mliyoichuma pamoja.
- Ukurasa mmoja wa matukio kwa tarehe: lini mlioana, lini mlianza kutengana, nani aliondoka nyumbani, watoto wako kwa nani.
- Kiasi cha fedha ambacho unaweza kukitenga kila mwezi bila watoto kulala njaa.

Orodha ya mali inastahili muda kuliko vingine vyote. Usiishie kuandika "nyumba, shamba, mtumbwi". Kwa kila mali andika ilipatikana mwaka gani, kwa fedha ya nani, nani alishuhudia, na wewe ulichangia nini. Mama mmoja wa Kibirizi alileta daftari la mauzo ya dagaa lililokuwa limelowa pembeni, ambamo kila wiki aliandika magunia, bei, na chini yake mahali fedha ilikokwenda: mabati, saruji, fundi, nyavu. Ukurasa wenye neno "mabati" na tarehe yake ulikuwa na uzito kuliko saa nzima ya maelezo ya mdomo. Kama huna daftari, tafuta risiti, miamala ya simu, hati ya mauziano ya kiwanja iliyogongwa muhuri wa mtaa, au jirani aliyekuona ukipanda michikichi. Na kama kazi yako ilikuwa kulea watoto na kutunza nyumba, iandike vilevile, kwa maana tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa ni mchango katika mali ya ndoa.

Hatua ya 1: Tambua kama jambo lako linahitaji wakili sasa hivi

Kama unachotaka ni matunzo ya mtoto tu, anza kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako. Atamwita mzazi mwenzako, na mara nyingi makubaliano huandikwa hapo hapo bila malipo. Ikishindikana, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakuruhusu kwenda mahakamani, na mtoto ana haki ya matunzo hata kama wazazi wake hawakuwahi kufunga ndoa. Kama kuna kipigo au vitisho, usimtafute wakili kwanza. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, chukua PF3, yaani fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, upate matibabu na utunze nakala. Jambo linalomhusu mtoto aliye hatarini linaweza pia kuripotiwa kwa simu namba 116.

Wakili huhitajika zaidi pale kuna mali yenye thamani inayobishaniwa, pale mwenzako ameshaweka wakili wake, pale malezi ya watoto yana mvutano mkali, au pale shauri limefika hatua ya rufaa.

Hatua ya 2: Pita Baraza la Usuluhishi la Ndoa

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo soma hatua hii kwa utulivu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mtu kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza hilo likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza lipo katika kata, na jumuiya za dini pia zina mabaraza yanayotambuliwa, ya Waislamu na ya Wakristo. Wakili haruhusiwi kukuwakilisha mbele ya baraza, kwa hiyo usimlipe mtu yeyote anayekuahidi kwamba atakwenda kukusemea huko. Ndugu wa familia anaweza kukusemea, jambo linalowasaidia wazee wa vijijini Buhigwe au Kasulu ambao hujieleza vizuri zaidi kwa Kiha.

Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati, ambayo watu wengi huiita Fomu Namba 3. Kabla hujatoka mlangoni, isome na uhakikishe mambo haya: ina majina yenu sahihi, ina tarehe, imesainiwa, ina muhuri, na inasema wazi kwamba baraza limeshindwa kusuluhisha. Hati inayosema tu "tunawaruhusu waende mahakamani", au inayogawa mali, ambayo si kazi ya baraza, inaweza kuliangusha shauri zima. Yapo mashauri yaliyofika hadi Mahakama ya Rufani, yakafutwa kwa sababu ya kasoro ya hati hii, na wahusika wakarudishwa kwenye kata kuanza upya baada ya miaka ya kulipa nauli na mawakili. Kumbuka pia kwamba hati hiyo isizidi miezi 6 tangu itolewe hadi siku unayofungua shauri.

Sheria imeweka hali ambazo mtu hahitaji kupita barazani, na mbili zinatokea mara kwa mara kwetu tunaoishi kando ya ziwa. Ya kwanza ni pale mwenzako amekutelekeza na hujui alipo. Ya pili ni pale anaishi nje ya Tanzania na hakuna dalili kwamba ataingia nchini ndani ya miezi 6 ijayo. Mume aliyevuka kwenda Kalemie au Uvira na kukata mawasiliano anaweza kuingia katika mojawapo ya hali hizo. Mwenzako akiitwa na baraza kisha akakataa kufika kwa makusudi, hilo nalo limezingatiwa. Omba baraza liandike kwamba aliitwa na hakuja.

Kama ndoa yenu haijatimiza miaka 2, unahitaji kwanza ruhusa ya mahakama ndipo ufungue shauri la talaka. Kama mliishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi bila kufunga ndoa na jamii ikawatambua kama mume na mke, mahakama inaweza kuchukulia kwamba mlikuwa wanandoa, na unaweza kudai matunzo na mgao wa mali. Wanawake wengi huacha haki yao kwa kuambiwa "wewe hukuolewa". Usikubali kabla hujapata ushauri.

Na kwa ndugu zangu wa Ujiji na kwingineko waliopewa talaka kwa karatasi: talaka hiyo peke yake haikupi amri ya mahakama ya kugawana mali. Lazima mgogoro upite barazani, kisha mahakama ithibitishe kwamba ndoa imevunjika na itoe amri. Tunza ile karatasi, kwa sababu ni ushahidi.

Hatua ya 3: Chagua mahakama kabla ya kuchagua wakili

Shauri la talaka linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Uchaguzi huu ndio unaoamua gharama kuliko jina la wakili. Mahakama ya Mwanzo iko karibu na wananchi, ada zake ni ndogo, taratibu zake ni nyepesi, na watu wengi husimama wenyewe. Kwa muda mrefu mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama humo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamewaruhusu pale shauri linaposikilizwa na hakimu mkazi. Mahakama hiyo inaweza pia kumruhusu ndugu yako, au mtu mnayeishi naye nyumba moja, asimame kwa niaba yako katika shauri la madai.

Maoni yangu ni kwamba, ikiwa mali yenu ni nyumba moja na shamba, na mashahidi wako wanaishi kata ile ile, Mahakama ya Mwanzo inatosha. Mlipe wakili akuandae, kisha usimame mwenyewe. Mtu wa Kakonko au Kibondo anayekwenda kufungua shauri Kigoma mjini kwa imani kwamba mahakama ya juu ina haki zaidi atalipa nauli na malazi yake, ya mashahidi na ya wakili kila shauri linapoahirishwa. Mali ikiwa nyingi, au ikiwa na hati zenye utata, hapo Mahakama ya Wilaya inafaa zaidi.

Hatua ya 4: Tafuta msaada wa bure kwanza

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na mashirika yaliyosajiliwa kuwahudumia watu wasio na uwezo. Ulizia orodha ya waliosajiliwa katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii au Ustawi wa Jamii ya halmashauri yako. Msaidizi wa kisheria anaweza kukueleza sheria, kukusaidia kupanga ushahidi, kuandika barua na kukuelekeza, lakini hawezi kusimama mahakamani kama wakili, na sheria inamkataza kukutoza malipo. Anayekuomba "ya soda" anakiuka sheria.

Zipo pia nafasi za msimu. Kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Januari kuna Wiki ya Sheria, ambapo mahakama na mawakili hutoa elimu na ushauri bure katika mikoa. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, hupeleka wanasheria hadi vijijini. Katika Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, mashirika mengi hutoa ushauri. Nenda na bahasha yako ya nyaraka, maana anayekwenda mikono mitupu huondoka na maelezo ya jumla tu.

Hatua ya 5: Pata majina matatu, kisha uyahakiki

Mawakili wengi wa mkoa huu wana ofisi Kigoma mjini, na wachache wako katika miji ya wilaya. Pata majina kwa watu waliomaliza mashauri yao ya ndoa, kwa msaidizi wa kisheria, au kwa Chama cha Mawakili wa Tanganyika, yaani TLS. Usichukue jina kwa mtu anayekufuata kwenye ngazi za mahakama, au anayechapa nyaraka steshenari na kujiita wakili. Hao ndio vishoka, na nyaraka iliyoandaliwa au kushuhudiwa na kishoka inaweza kutupwa.

Wakili halali ameandikishwa katika orodha ya mawakili na huhuisha leseni yake kila mwaka. Muulize namba yake ya uandikishaji, kisha uhakiki jina lake katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kwa simu yenye intaneti. Kama huna simu hiyo, omba msaada katika ofisi ya Msajili au Naibu Msajili wa Mahakama Kuu. Siku hizi Kigoma ina Mahakama Kuu yake, kwa hiyo huna haja ya kusafiri hadi Tabora kama ilivyokuwa zamani. Wakili mwaminifu hakasiriki akiulizwa namba yake.

Katika majina hayo, mchague anayefanya mashauri ya familia mara kwa mara. Bingwa wa kesi za jinai au za mikopo ya benki anaweza kuwa hodari, lakini ukimuuliza kuhusu Fomu Namba 3 akasita, nenda kwa mwingine.

Hatua ya 6: Tumia vizuri mazungumzo ya kwanza

Kwenye simu, kabla ya kupanga siku, uliza kama mazungumzo ya kwanza yanalipiwa na ni kiasi gani. Kisha taja jina la mwenzako na uulize kama amewahi kumhudumia. Mji wetu ni mdogo, na wakili mmoja hawezi kuwahudumia wote wawili; ni heri ujue hilo kabla hujamweleza siri zako.

Ukifika, mpe ule ukurasa wa tarehe na orodha ya mali, umwache asome, halafu uulize maswali haya: Shauri langu lifunguliwe mahakama gani na kwa nini? Hati yangu ya baraza ina kasoro? Ni jambo gani katika madai yangu ambalo ni dhaifu? Ni wewe utakayesimama au ni mwenzako wa ofisini? Gharama zote hadi hukumu ni kiasi gani, na ni zipi hazimo? Sikiliza sana jibu la swali la tatu. Anayekuambia kwamba kila kitu ni chako na hakimu ni rafiki yake, mshukuru na uondoke.

Hatua ya 7: Gawanya kazi, kisha mwandikiane

Si lazima umlipe wakili kwa shauri zima. Unaweza kumlipa akupe ushauri wa saa moja na kukagua hati yako. Unaweza kumlipa aandae ombi la talaka na orodha ya vielelezo, halafu ukasimama mwenyewe. Unaweza pia kumlipa akuandalie maswali ya kuwauliza mashahidi wa upande wa pili, kazi ambayo humshinda mtu asiye na uzoefu hata kama ana haki yake. Mtaje kazi unayoitaka na umwombe bei ya kazi hiyo pekee. Ukitaka akusimamie mwanzo hadi mwisho, omba malipo kwa awamu zinazofuata hatua za shauri: kufungua, kuanza kusikilizwa, na hukumu.

Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inayoongoza viwango, lakini kwa kawaida bei hutokana na makubaliano, na makubaliano hayo yawe kwa maandishi. Yataje kazi itakayofanywa, jumla ya malipo, tarehe za awamu, nani analipa nauli na malazi ya wakili akisafiri, na kitakachotokea kama mtapatana kabla ya hukumu. Kataa makubaliano ya kumlipa kwa sehemu ya nyumba au shamba linalobishaniwa. Usitegemee pia kwamba mwenzako atakurudishia gharama, kwa kuwa katika mashauri ya ndoa mahakama mara nyingi huamuru kila upande ubebe zake.

Hatua ya 8: Lipa kwa njia inayoacha alama

Malipo ya wakili yawe na risiti. Ada ya mahakama hulipwa kwa control namba kupitia benki au simu, na haipiti mkononi mwa karani, mlinzi wala wakili. Andika katika daftari lako kila tarehe ya shauri na kilichofanyika siku hiyo. Mpigie wakili siku mbili kabla, siyo kila asubuhi. Kama huna uwezo wa kuwatunza watoto wakati shauri linaendelea, mwambie aombe amri ya matunzo ya muda, maana sheria inaruhusu.

Makosa mengine ya kuepuka

Usiuze wala kuficha mali kabla ya shauri. Nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja wenu bila ridhaa ya mwenzake, na kama unaogopa kwamba mwenzako anaiuza, mwombe wakili aweke zuio mapema. Hii ni kazi ambayo fedha yake haipotei. Usimtoroshe mtoto ili uonekane ndiye mlezi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 7, sheria inaanza na dhana kwamba ni vema akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na maslahi ya mtoto ndiyo yanayotazamwa kwanza. Usisaini karatasi yoyote ya makubaliano kwenye kikao cha ukoo kabla ya mtu mwenye ujuzi kuisoma.

Ukikwama

Huna hata ada ya mahakama: unaweza kuomba usamehewe kulipa kwa sababu ya umaskini. Ambatanisha barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayoeleza hali yako, na msaidizi wa kisheria akusaidie kuandika ombi.

Baraza la kata halikai, au linakupiga tarehe kila mara: andika barua kwa Mtendaji wa Kata, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Unaweza pia kuuliza ofisi ya Ustawi wa Jamii, au baraza la dini yako kama mko dini moja.

Mwenzako hapatikani ili apewe samansi: mahakama inaweza kuruhusu wito utolewe kwa njia nyingine, ikiwemo tangazo gazetini. Muulize wakili bei ya tangazo mapema, iingie katika hesabu yako.

Wakili hapokei simu na tarehe zinapita: nenda masjala ya mahakama ukiwa na namba ya shauri, uulize limefika wapi, kwa sababu jalada ni lako pia. Kisha mwandikie wakili barua ukitaja tarehe na risiti. Asipojibu, unaweza kumlalamikia kwa TLS au kwa Kamati ya Mawakili, na kuomba nyaraka zako urudishiwe umpe mwingine.

Fedha imekwisha katikati ya shauri: mwambie wakili kabla ya tarehe inayofuata na uombe kubadilisha makubaliano, abaki kukuandalia nyaraka na wewe usimame. Usikae kimya na usikose kufika, kwa maana shauri la asiyefika linaweza kufutwa, au kusikilizwa upande mmoja.

Hukumu imetoka na hukuridhika: omba nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri siku hiyo hiyo, na uulize masjala, kabla hujatoka, siku ya mwisho ya kukata rufaa.